Dawa ya Anti Nthenya

"Sasa, mrembo?"

Sauti hiyo ndiyo tuliyoiacha Ijumaa iliyopita ikimgonga Nthenya mgongoni, mkono wake ungali juu ya mashine ya maabara, macho yamegandia nambari ambayo hakutaka iwe ya kweli. Alikuwa Kiarie. Mchumba wake. Mwenye duka la jumla pale Kawangware. Na ndiye muuzaji wa ile dawa ya meno.

Kwa wewe uliyechelewa kutufikia, shika haya upesi. Tracy, mtoto wa Mwongeli, dada mkubwa wa Nthenya, alizikwa mwezi jana akiwa na miaka sita. Jino la nyuma lilioza, usaha ukateremka shingoni, pumzi ikafungwa. Babake, Mbuvi, alisimama kando ya kaburi akamnyooshea mkewe kidole mbele ya watu wote: "Huyu ndiye amemuua. Alishindwa hata kumsugua mtoto meno."

Nthenya ndiye aliyeapa kimoyomoyo kwamba ukweli atautafuta kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu kupima ndiyo kazi yake. Yeye ni mtaalamu wa maabara.

Akanunua dawa za meno za kila aina, kutoka vibanda vya Kibera hadi maduka ya Kawangware. Akaongeza na tyubu iliyobaki nyumbani kwa Mwongeli. Zote zilipita mtihani ila moja, ile ya nyumbani kwa Mwongeli. Jina lake Angavu.

Sasa mwenye Angavu alikuwa mlangoni, ameshika mfuko wa chapati na madondo.

"Mbona unaniangalia hivyo? Kama nimekuibia?"

"Usiweke chakula hapo. Kiarie, hii Angavu unaitoa wapi?"

"Si kiwandani. Kwani hujui?"

"Haina kitu."

"Haina nini?"

"Floridi. Ile ya kukaza jino sukari isilitoboe. Nimeitafuta sijaiona."

Tabasamu la Kiarie lilizimika. Halafu likarudi, tena kwa nguvu, kama la mtu aliyekumbuka kwamba ana shahidi.

"Hapo umekosea. Mimi nilipimisha hiyo dawa kabla sijauza hata tyubu moja. Nilipeleka kwa watu wa maabara kubwa, na wakapata vile boksi linasema. Elfu moja mia nne na hamsini. Pima tena."

"Kiarie..."

"Pima tena, Nthenya! Mashine yako inaweza kuwa na shida."

Moyo wa Nthenya uliruka. Mungu wangu, na iwe mashine! Hakuna mtaalamu aliyewahi kuomba chombo chake kiwe kibovu kama alivyoomba yeye mchana ule.

Akachukua dawa kutoka tyubu ileile. Safari hii hakuikoroga na maji matupu. Aliitia asidi kali, akaiacha iyeyuke yote, asibakize hata punje. Kisha akatumbukiza kijiti cha kupimia.

Nambari zikaanza kupanda. Mia mbili. Mia saba. Elfu moja. Zikasimama karibu kabisa na ile ya kwenye boksi.

"Umeona?" Kiarie alipiga makofi. "Umeona? Karibu uniue na presha bure!"

Akaja amkumbatie. Lakini Nthenya alikuwa ameketi. Uso ulimwisha rangi.

"Hao watu walikupimia floridi yote," alisema polepole. "Hata mimi sasa hivi nimepima yote. Imo."

"Basi?"

"Imo lakini haitoki. Mtoto hana asidi mdomoni, Kiarie. Ana mate. Nilipokoroga na maji, kama mate yake, haikutoka. Imeshikwa na ile chokaa ya kusugulia. Ni kama mtu aliye jela. Ukihesabu wananchi, yumo. Ukimhitaji shambani, hayupo."

"Sasa kiwanda kinatengeneza dawa gani ya namna hiyo?"

"Ikiwa mpya inakuwa sawa. Floridi inakuwa huru. Lakini ikikaa sana, tena mahali pa joto, inaachana na pale ilipowekwa na kushikana na chokaa. Ikishashikana, mtoto atasugua mpaka mkono uchoke. Anasugua na chokaa tu."

Kiarie aliitazama tyubu mezani. Kisha akatamka neno moja.

"Stoo."

* * *

Stoo ilikuwa katika ploti ya mamake Kiarie, upande wa Kawangware unaopakana na Riruta. Chumba kirefu cha mabati juu na mawe pembeni, hakina dirisha. Kiarie alipofungua kufuli, joto lilitoka kama la sufuria iliyofunuliwa.

Katoni za Angavu zilipangwa hadi karibu na paa, zimeegemezwa ukuta wa nyuma.

Nthenya akaweka kiganja ukutani. Akakiondoa kwa haraka.

"Huko nyuma kuna nini?"

"Beki. Wale wa mikate." Kiarie aliuangalia ukuta. "Oveni yao iko hapo hapo."

Alikaa juu ya katoni. Mabega yake mapana yakaanza kutetemeka, na Nthenya, ambaye hakuwahi kumwona akilia hata siku alipomzika babake, akasikia kilio kikimtoka mwanamume huyo kama kikohozi.

"Sikujua. Aki ya Mungu, Nthenya, sikujua. Ni ukuta tu! Nani anajua ukuta unaweza kuharibu dawa?"

Akamwamini. Wewe je, ungefanya nini? Alipiga magoti kwenye sakafu ile ya vumbi, akamshika kichwa, akakilaza kifuani. Aliwaza kwamba ukuta unasameheka. Ukuta hauna nia mbaya. Jumamosi ijayo wazee wa kina Kiarie wangefika kwao Machakos kwa mazungumzo ya mahari, na mamake Nthenya alikuwa ameshaazima viti. Pengine bado kulikuwa na Jumamosi.

"Nyamaza," alimwambia. "Tutazitoa zote. Kesho tuzirudishe kiwandani, tuwaonyeshe majibu, wajue..."

"Kiwandani hapana."

Ilitoka haraka mno.

"Kwa nini hapana?"

"Watasema..." Kiarie alijifuta uso. "Hawa watu wana maneno mengi. Watasema zilikuwa zimepitwa na tarehe."

Upande wa pili wa ukuta mtu aliburuta trei ya chuma.

"Zilikuwa zimepitwa?"

"Nthenya..."

Nthenya alikuwa ameshararua katoni. Akachukua tyubu, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Mkunjo wa nyuma ulikuwa na tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa bado mbali. Akailamba ncha ya kidole gumba, akasugua. Wino ukamfuata kidole. Chini yake, tarehe ya zamani ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, lakini aliyekwangua alikuwa na haraka. Mwaka ulisomeka. Ulikuwa umekwisha kabla Nthenya hajamjua Kiarie.

"Ni nani alifanya hivi?"

"Kila mtu anafanya! Hii si maziwa, Nthenya. Ni dawa ya meno. Haiozi. Inatoa povu, inanukia, mdomo unakuwa safi. Nilizipata kwa bei ya kutupwa, nikaona mbona zitupwe na kuna watu hawana kitu?"

"Watu gani?"

Kiarie aliinama akaokota vipande vya katoni.

"Watu gani, Kiarie?"

Msomaji, ngoja nikurudishe nyuma kidogo, ama hutaelewa ni kwa nini swali hilo lilimtoka kwa sauti ya mtu anayezama.

Nthenya na Kiarie hawakukutana harusini wala kanisani. Walikutana Silanga, huko Kibera, kwenye shule ya chekechea alikosoma Tracy enzi hizo. Nthenya alikwenda kujitolea, na meno makubwa ya plastiki na mswaki wa kuchekesha, awafundishe watoto kusugua. Kiarie alikuja na pikapu ya dawa za bure. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake safi, akampa kila mtoto tyubu mkononi, akimwuliza jina. Alipofika kwa Tracy alimwuliza, "Na wewe unaitwa nani?" Tracy akasema, "Mimi ni wa Anti Nthenya."

Watu walicheka. Nthenya alicheka pia, akaziba mdomo kwa kiganja, kwa maana meno yake yana madoa ya kahawia. Maji ya kisima cha kwao yana floridi kupita kiasi, na walioyanywa utotoni wanajulikana kwa kucheka tu. Kiarie akamshusha ule mkono taratibu, mbele ya watoto wote. "Usifiche," alimwambia.

Siku hiyo ndipo Nthenya alipompenda. Hapo hapo kwenye tope.

"Zile za Silanga," Nthenya alisema sasa, kule stooni. "Siku ile. Na zile ulizokuwa ukimpelekea Mwongeli kila zikiisha. Zilitoka stoo hii?"

"Dukani sikuwa na..."

"Dukani zilikuwepo. Nimezipima za dukani kwako! Za aina nyingine, nzuri kabisa. Zilikuwepo au hazikuwepo?"

"Zile zilikuwa za wateja, Nthenya."

Alisema hivyo. Halafu akasikia alichokisema, akaziba mdomo, lakini neno likitoka halirudi.

Za wateja.

Nthenya aliiweka tyubu sakafuni, taratibu, kana kwamba ni yai. Hakupiga kelele. Natamani ningekwambia alimzaba kofi, maana ndivyo ungependa, hata mimi ningependa. Hakuwa na nguvu ya kofi.

"Waambie wazee wenu wasisafiri Jumamosi."

"Nthenya, usifanye hivyo. Nisikilize. Hiyo dawa haikuua mtoto! Wewe mwenyewe ni msomi, unajua. Ni jino. Ni usaha. Ni kuchelewa hospitali. Mbuvi ndiye alisema ni jino la utoto, litang'oka lenyewe!"

"Najua. Haikumuua."

"Basi?"

"Tulimpa tukamwambia itamlinda. Mimi nilisimama pale na meno ya plastiki nikamwambia. Mamake akaacha kutafuta kingine."

"Nilikupenda kweli lakini. Hiyo haikuwa ya kukwanguliwa tarehe."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Nthenya, kwa kuwa alijua ni kweli. Angalikuwa mwongo wa kila kitu ingalikuwa rahisi. Akatoka kwenye joto lile, akapita mbele ya dirisha la beki ambako watu walipanga foleni wakitaniana, akaendelea kutembea bila kuona anakokwenda, mkono kifuani kama aliyebeba maji yasimwagike.

* * *

Mwongeli alikuwa kwenye kibanda chake cha mboga, Silanga, upande unaotazama bwawa. Alikuwa akikatakata sukuma ya mteja, nyembamba kama nyuzi. Tangu mazishi alikuwa mtu wa kukata mboga tu. Hasemi, hali vizuri, halii. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba mama asiyemlilia mtoto ana lake.

"Mama Tracy, ongeza ya kumi," mteja alisema.

Akaongeza. Mteja akaondoka. Nthenya akaketi kwenye debe kando yake.

"Nimepata majibu."

Kisu hakikusimama.

"Ulikuwa ukimsugua Tracy?"

"Nyinyi nyote mmeniuliza hilo swali. Hata wewe leo?"

"Nijibu tu."

"Asubuhi na jioni." Kisu kilikwenda kwa kasi. "Jino likiuma analia, nami namshika kichwa namsugua. Nikamwambia vumilia, hii ni dawa ya Anti Nthenya. Anti anajua. Jirani alitaka kunipa nyingine nikakataa. Nikamwambia yetu imetoka kwa mtu wa maabara."

Nthenya alimeza neno la kwanza, na la pili. La tatu likatoka.

"Ile dawa ilikuwa imekufa, Mwongeli. Ilikuwa povu. Ulimsugua vizuri. Wewe ulifanya kila kitu."

Kisu kikasimama.

Mwongeli aliangalia mkono wake wa kushoto, ule wa kushika kichwa cha mtoto. Aliugeuza juu, akaugeuza chini.

"Unajua nilikuwa nimeanza kumwamini Mbuvi?" alisema. "Usiku nalala nikitafuta ile siku nilisahau. Nasema, lazima iko siku nilisahau. Nikaanza kuiona hata. Nikaona rangi ya nguo aliyovaa."

"Hakuna siku."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Ndipo Mwongeli alipolia. Alilia kwa sauti, ameinamia mboga, mpaka mwuza makaa wa kando akaacha kupima akaja mbio. Nthenya alimshika mabega, na wote wawili wakayumba kwenye debe lile kama watu walio kwenye mkokoteni. Watu waliotaka mboga walisimama mbali kidogo, wamevua kofia. Walisubiri tu.

Kilio kilipopungua, Mwongeli aliuliza swali ambalo Nthenya alikuwa akiliogopa tangu Kawangware.

"Ni nani alikuwa anaziuza?"

"Kiarie."

"Kiarie gani?"

"Kiarie wetu. Alikwangua tarehe."

Mwongeli alimtazama mdogo wake muda mrefu. Hasira ilipita usoni mwake, ikafuatwa na kitu kingine kilichomuuma Nthenya zaidi ya hasira. Ilikuwa huruma.

"Woi, Nthenya," alisema kwa sauti ndogo. "Na ulikuwa umeanza kucheka bila kuziba mdomo."

Nthenya akageuza kichwa, akatafuta la kushika, la kufanya, mtoto wa kubeba. Akagundua kwamba tangu afike hajamwona Hope, mdogo wake Tracy wa miaka mitatu, ambaye huwa hakosi kucheza chini ya meza ya mboga.

"Hope yuko wapi?"

"Mbuvi alimchukua jana. Amempeleka kwa mama yake mzazi, Kitui ndani. Amesema sitaua wawili."

"Ulimwacha aende?"

"Nilikuwa na mdomo wa kukataa?" Mwongeli alijifuta kwa kitenge. "Alibeba nguo zake, na zile tyubu zilizobaki zote. Amesema huko atasuguliwa na watu wenye akili."

Simu ya Nthenya ikalia. Jina la Mbuvi.

Aliiweka kwa spika bila kufikiri.

"Shemeji," sauti ya Mbuvi ilikuwa imebadilika, haikuwa ile ya kaburini. "Wewe ni mtu wa mambo ya hospitali. Kuna kitu ya kupaka shavu? Hope ameamka na shavu limefura. Mama anasema ni jino tu, atafunikwa na majani..."

Mwongeli alisimama. Mboga zikamwagika.

"Anameza mate?" Nthenya alipaza sauti. "Mbuvi! Anaweza kumeza?"

"Yanamtoka tu. Na anakoroma, hali yuko macho."

"Mpeleke hospitali sasa hivi!"

"Gari ya huku ni ya asubuhi. Kesho nita..."

"Kesho ndiyo uliyompa Tracy! Tafuta pikipiki, tafuta mkokoteni, mbebe kwa mgongo, lakini usingoje..."

"Shemeji, sikusikii. Chaji inaisha..."

Simu ikakatika. Nthenya akapiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Hakujua jina la kituo cha afya cha huko, wala namba ya jirani hata mmoja. Mwongeli naye hakujua. Mama mkwe wake hajawahi kumiliki simu.

Watu waligeuka wote kwa pamoja. Juu, pale barabara inapoishia, pikapu nyeupe ilikuwa imesimama, na mwanamume alikuwa akiteremka kwenye njia ya miguu, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Alisimama hatua chache kutoka kibandani.

"Mama Tracy," Kiarie alisema. "Sikuja kumwona Nthenya. Nimekuja kwako. Nilitaka ulisikie kutoka mdomo wangu."

Mwuza makaa alimshika Nthenya mkono, kama anayesema usiingilie.

Mwongeli alimtazama Kiarie. Akaitazama simu iliyozimika. Akaitazama pikapu kule juu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi sauti yake ilitoka ikiwa imekamilika.

"Hiyo gari ina mafuta?"

"Ndiyo, lakini..."

"Inafika Kitui?"

"Inafika."

"Twende."

Alitangulia kupanda mteremko, viatu vya plastiki vikiteleza, bila kumngoja mtu. Nthenya alimfikia mlangoni pa gari, akamkuta ameshaketi mbele, kando ya usukani, macho yakiangalia barabara. Kiarie akaingia upande wake. Akatia ufunguo.

Ni hapo tu, alipokuwa akijibana kwenye kiti kilekile na kuvuta mlango, ndipo Nthenya aliposhusha macho mapajani mwa dada yake, akaona mpini ukichungulia chini ya kitenge.

Kisu cha mboga Mwongeli hakukiacha kibandani.